Mzimu Hauitwi Kituoni

Mamdogo alinirudishia kitabu kikiwa kimefungwa kwa mpira wa nywele, maana kurasa zake zilikwisha kuanza kuachana. Hakukaa. Alikiweka mezani, akasema, "Kizuri. Lakini mwisho wake umenidhulumu."

Kitabu chenyewe ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja.

Nikamuuliza amedhulumiwa nini, ilhali muuaji kapatikana na Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, kashinda kama kawaida yake.

"Hayo ya muuaji nimeyaelewa, mwanangu," akasema. "Mimi nauliza mzimu. Umekwenda wapi?"

Nilianza kumjibu kwamba mzimu haukuwepo tangu mwanzo, kwamba hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Sentensi ikaniishia njiani. Alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake.

Ni wiki kadhaa sasa na swali lile halijaniachia. Nimerudi kwenye riwaya hii, nikarudi na kwenye nyingine za aina yake, zile zinazoanza na kitu cha kutisha kisichoshikika na kuishia na mtu aliyefungwa pingu. Kwa ambao hawajamsoma Abdulla, msiogope. Muuaji wake simtaji hapa. Wazungu nitakaowataja vitabu vyao ni vya zamani mno, hao, isipokuwa mmoja, sitawahifadhia siri.

## Padri aliyewafungia mlango

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliandika kanuni kumi za fani hiyo. Ya pili inasema kwamba nguvu zozote za kiajabu, za mizimu na mfano wake, ziwekwe nje bila mjadala. Ya tatu inasema chumba au njia ya siri isizidi moja. (Hii ya tatu hunichekesha kila mara. Mzimu hata mmoja hapana, ila mlango wa siri mmoja ruksa.)

Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha watunzi huko London, Detection Club, Knox akiwa miongoni mwao. Wanachama waliapa kwamba wapelelezi wao hawatafumbua kesi kwa ufunuo wa Mungu, kwa uganga, wala kwa sadfa.

Ukisoma kanuni hizo haraka utadhani ziliandikwa na mtu asiyeamini chochote asichokiona. Kumbe aliyeziandika ni padri, mtu aliyesimama altareni na kuamini miujiza. Hakuwa akisema kwamba mizimu haipo. Alikuwa akitetea haki ya msomaji. Riwaya ya upelelezi ni mapambano kati ya msomaji na mtunzi, na msomaji anastahili kupewa vidokezo vilevile alivyopewa mpelelezi. Mzimu hauachi alama ya kiatu. Huwezi kuuliza ulikuwa wapi usiku wa Jumanne. Unapita ukutani, na ukiruhusiwa kupita ukutani ukurasa wa mia mbili, basi kurasa zote za nyuma tulizokaa tukipima madirisha zilikuwa kazi bure.

Hadithi ya mizimu nayo ina madai yake, na ni kinyume kabisa. Inataka uache kupima madirisha. Inataka ukubali kwamba kuna jambo ndani ya nyumba hii ambalo akili yako haitalifikia, na utamu wake wote umo katika kukubali huko.

Riwaya inayochanganya hayo mawili inatoa ahadi mbili, na kwa kawaida hutimiza moja tu. Mwanzoni inakula na wewe kwenye sinia la hofu, mwishoni inakuambia ulikuwa ukila hewa. Mamdogo si mjinga. Aliiona ahadi iliyovunjwa kabla sijaiona mimi, mimi niliyekisoma kitabu kile mara nyingi kuliko yeye.

## Mbwa hakuuma

Nilianza na *The Hound of the Baskervilles* cha Arthur Conan Doyle, kwa sababu ndicho mzee wa ukoo huu. Kilitoka kwa sehemu katika jarida la The Strand kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902. Mambo yake mnayajua. Sir Charles Baskerville anakutwa amekufa kwenye kiunga cha nyumba yake, eneo la Dartmoor huko Uingereza, hana jeraha, uso umemgeuka. Daktari mmoja anakiri kwamba aliona alama za nyayo mbali kidogo na maiti, na nyayo zile ni za mbwa mkubwa mno. Familia ina waraka wa mwaka 1742 unaoeleza jinsi babu yao muovu alivyoraruliwa na mbwa wa kuzimu.

Mwisho wake pia mnaujua. Mbwa ni mbwa. Amenunuliwa, amefungwa kwenye kinamasi, amepakwa dawa ya fosforasi ili ang'ae gizani. Mpelelezi Sherlock Holmes anampiga risasi na jambo limekwisha.

Zamani nilipofika hapo nilikuwa nikishusha pumzi. Safari hii nilirudi nyuma kwenye maiti.

Sir Charles hakuumwa. Mbwa hakumgusa. Mzee alikuwa na moyo mbovu, alikuwa ameuamini ule waraka kwa miaka, na alipoona kitu kikimkimbilia gizani alikimbia mpaka moyo ukasimama. Mwondolee imani yake, na muuaji anabaki na mbwa mkubwa na kopo la fosforasi. Silaha iliyomuua mzee yule ni hadithi ya nyumbani kwao. Aliyeitunza ni familia yenyewe, vizazi kwa vizazi, na muuaji alikuja kuiokota tu.

Mzimu haukuwepo, na mzimu uliua.

Nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari niliiona kama mchezo wa maneno, nikaikata. Baadaye nikairudisha. Sioni namna nyingine ya kueleza kilichotokea Dartmoor bila kusema uongo upande mmoja au mwingine.

## Pahali pasipo mlinzi

Sasa nirudi Unguja.

*Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, ikachapishwa 1960. Ndimo Bwana Msa alimozaliwa, yeye na rafiki yake Najum. Na maiti ya Bwana Ali inakutwa papo hapo mzimuni, mahali panapoogopwa kuliko pengine popote.

Jiweke kwa muda katika nafsi ya muuaji. Unahitaji pahali ambapo watu hawakatizi ovyo. Pahali ambapo anayekwenda huenda na ubani wake, husema kwa sauti ya chini, na huondoka kabla jua halijatua. Kisha unahitaji kwamba maiti ikionekana, nusu ya mashahidi wawe tayari wanamjua mkosaji, na mkosaji huyo awe asiyeitwa kituoni. Hofu ya namna hiyo ni kufuli ambalo kila mtu analibeba kifuani mwake, na hakuna anayelipwa kulilinda.

Watunzi wa Kizungu wa enzi za kina Knox walitaabika sana kujenga vyumba vilivyofungwa kwa ndani. Makomeo, dohani, ufunguo unaogeuzwa kwa uzi kutoka nje. Abdulla hakuhitaji komeo. Chumba chake alikipata katika adabu za watu. Nadhani hapa amewazidi, na sisemi hivi kwa sababu ni wetu.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo huwa nalitazama kila ninapomsoma. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa katika idara ya afya, akawa mkaguzi, yaani bwana afya. Uhariri wa gazeti la *Zanzibari* ulikuja baadaye, 1948, na jarida la *Mkulima* mwaka 1958. Bwana afya popote alipo ndiye mtu anayeambiwa kwamba mtoto kakumbwa, huku macho yake yakiwa kwenye maji yaliyotuama nyuma ya nyumba. Sijui kama kuna matayarisho bora zaidi ya kumuumba Bwana Msa.

Lakini hapa ndipo nilipoanza kupata wasiwasi.

Riwaya hizi hukupa kiti upande wa mpelelezi, na kiti hicho kina raha yake. Unakaa na akili, unawatazama wenye hofu kwa mbali. Tulipokisoma shuleni, darasa zima liliwacheka wale wanaotetemeka kwa ajili ya mzimu. Hakuna aliyesema kwamba tunaowacheka ni bibi zetu. Mwalimu naye alicheka. Somo la siku lilikuwa kwamba akili imeshinda ushirikina, tukaandika hivyo kwenye madaftari, kengele ikalia.

Na hofu ile haikuwa ujinga mtupu. Pwani ya Kenya ziko kaya za Wamijikenda, misitu iliyobaki imesimama kwa sababu wazee walikataza mtu kuingia na shoka, na waliokatazwa wakaogopa. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtu anaweza kuwa na maneno yake juu ya walioko mle, lakini miti ipo na inahesabika. Kuogopa pahali kumefanya kazi ambayo askari wa misitu kwingine wameshindwa.

Kwa hiyo mpelelezi anapokuja na kusema "hakuna kitu hapa", je, anasema nini hasa? Nilikaa na swali hilo siku nyingi kuliko lolote katika makala haya. Nilikuwa nimekaribia kumpa Mamdogo haki yote: kwamba riwaya ya aina hii inakuja kumtumia mzimu, inamnyonya utisho wake kurasa mia, kisha inamtupa jaani.

## Mzimu ulisingiziwa

Kisha nikakisoma tena kile kitabu kama vile mimi ni wakili wa mzimu.

Nani anashutumiwa tangu mwanzo? Mzimu. Nani hana wa kumsemea? Mzimu. Watu wazima wenye akili zao wanasimama juu ya damu ya mwenzao na kusema kwamba watu wa kale wameghadhibika. Na anatokea mtu mmoja asiyeridhika na shutuma hiyo, anayekataa kesi ifungwe kirahisi namna ile, anayekwenda kutafuta mkono wa binadamu uliofanya tendo la kibinadamu.

Bwana Msa ndiye mtetezi pekee wa mzimu ule.

Tazama alichothibitisha. Amethibitisha kwamba mzimu haukumuua Bwana Ali. Basi. Hakuthibitisha kwamba pale mahali ni mawe tu, wala hakukitafuta hicho, kwa kuwa hakikuwa katika kesi. Mshukiwa aliyeachiwa huru hakufutwa duniani. Tumezoea kusoma hukumu ya kuachiwa kana kwamba ni hukumu ya kifo.

Sisemi kwamba Abdulla alikusudia hivi. Nadhani alikusudia kile tulichoandika kwenye madaftari. Ila riwaya nzuri huwa na nafasi kubwa kuliko makusudio ya mwenyewe, na hii inayo.

Nilipolipata wazo hili ndipo hata Knox alipoanza kunielea kwa namna mpya. Na Doyle pia, ambaye kisa chake ni kioja. Huyu aliyetuumbia Sherlock Holmes alikuwa muumini mkubwa wa mawasiliano na roho za wafu, akasafiri nchi nyingi kuyahubiri. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kizima kutetea picha za viumbe wadogo wa kimazingaombwe, wenye mabawa, zilizopigwa na wasichana wawili, binamu, huko Cottingley kuanzia 1917. Mwaka 1983, wakiwa wamezeeka, walikiri kwamba viumbe wale walikuwa michoro waliyoikata kwenye karatasi na kuisimamisha kwa pini za kofia. Lakini mwaka 1924, miaka miwili tu baada ya kitabu kile, Doyle alitoa hadithi ya Holmes juu ya mama anayedhaniwa kumnyonya damu mwanawe, na ndani yake Holmes anakataa katakata kushughulika na mizuka.

Watu huisimulia hii kama kichekesho: ona jinsi mtu anavyoweza kugawanyika. Mimi naona huenda hakugawanyika hata kidogo. Anayeamini kwa dhati kwamba wafu wapo hataki kuona wafu wakifanywa pazia la mtu anayegombea urithi. Padri anayeamini miujiza hataki muujiza utumike kumwokoa mtunzi aliyejifungia ndani ya njama yake mwenyewe. Asiyejali ndiye anayeweza kuichezea mizimu apendavyo. (Bila shaka Doyle pia alijua wasomaji wake wanalipia nini. Tusimfanye malaika.)

## Wasiotaka kufunga jalada

Wapo waliojaribu kutimiza ahadi zote mbili, na nimewasoma kwa wivu.

John Dickson Carr, bingwa wa vyumba vilivyofungwa, mwaka 1937 alitoa *The Burning Court*. Maelezo ya kiakili yanakuja, yanakaa sawasawa, unafunga moyo. Kisha zinafuata kurasa chache za mwisho, na hazikuachi ulipo. Sisemi zaidi. Kuna wasomaji wa upelelezi ambao hawajamsamehe hadi leo, na nawaelewa, lakini nilipokimaliza nilirudi sura ya kwanza usiku uleule.

*The Turn of the Screw* cha Henry James, 1898, chenye yaya wa watoto na wale wawili anaowaona dirishani na ziwani, nakiheshimu bila kukipenda. Shaka yake haipungui wala haiongezeki. Imetandazwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na msomaji wa upelelezi kama mimi hupenda shaka inayotembea.

Anayenifurahisha zaidi ni mtu asiyesifiwa sana, William Hope Hodgson, na mpelelezi wake Carnacki, ambaye visa vyake vilikusanywa kitabuni mwaka 1913. Carnacki anakwenda kwenye nyumba zenye mashetani akiwa na kamera, chaki, nyuzi za kutega milangoni, na duara la taa za umeme la kujikinga. Mara anagundua ni mtu na kamba zake. Mara anagundua kitu kipo kweli, na anaponea chupuchupu. Msomaji hajui leo ni siku gani. Kanuni ya Knox haikuwa imeandikwa bado, na hilo linaonekana: kuna uhuru fulani mle uliokuja kupotea.

Na kuna kisa chake kimoja, kile cha farasi asiyeonekana, kinachoitesa familia kwa vishindo vya kwato usiku. Mtu anakamatwa. Alikuwa akiuigiza mzuka kwa sababu zake za mapenzi na wivu. Kila kitu kimefunuliwa, mwigizaji amesimama mbele yao na vifaa vyake.

Halafu kwato zinasikika tena, na si yeye.

Hiki ndicho ninachokitafuta kwenye rafu siku zote bila kujua. Aliyesingiziwa amekuja mwenyewe. Mpelelezi kafanya kazi yake kwa haki, binadamu kashikwa kwa kosa la kibinadamu, na kile kilichotumiwa jina lake bila ruhusa kinadai jina lake.

Msinielewe vibaya nikasifu kila mwisho ulioachwa wazi. Siku hizi nakutana na riwaya nyingi ambazo mtunzi ameshindwa kuchagua, akaita kushindwa kwake utata. Maswali yamerundikwa, kurasa zimekwisha, na tunaambiwa tujijibu. Huko ni kukimbia deni. Kipimo changu ni kuuondoa mzimu kabisa kwa mawazo kisha kuangalia kama uhalifu ule ungewezekana. Ukiwezekana vilevile, mzimu ulikuwa pambo la jalada. Mbwa wa Baskerville anafaulu. Mzimu wa Abdulla unafaulu vizuri zaidi. Vitabu vingi vyenye fuvu na mwezi kwenye jalada havifiki hapo.

## Babu anapouliza yeye

Baada ya kumaliza hao wote nilichukua *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, ambayo si ya upelelezi hata kidogo. Nilidhani napumzika.

Mle mzimu unakuja kwa mtu mwenye cheo, K, kwa sura ya babu yake. Haulaumiwi kwa kifo cha mtu yeyote. Wenyewe ndio wenye maswali. Unamtoa mjukuu kitini kwake, unamtembeza, unamwonyesha alichokuwa akikipita kila siku kwenye gari lenye vioo vya giza. Ukiitazama kwa jicho la upelelezi, ni kesi kamili: kuna wahanga, kuna ushahidi, kuna mshukiwa anayejitetea. Ila mpelelezi ni marehemu, na hakuna wa kumpeleka Bwana Msa pale akaeleze kwamba huyu babu hayupo, kwa sababu kuwepo kwake si jambo linalobishaniwa. Linalobishaniwa ni mwenendo wa aliye hai.

Kwa hiyo tunao waliokwisha kumtetea mzimu mahakamani, na tunao waliompa kiti cha hakimu. Katikati pana nafasi ambayo sijaiona ikijazwa kwa Kiswahili. Nataka riwaya ambamo inspekta anaandika ripoti yake vizuri, muuaji anakwenda jela kwa ushahidi usiopingika, na watu wa pale wanaendelea kuvua viatu wanapopita penye mawe, na kitabu hakiwacheki. Nataka mpelelezi mwenyewe asimame akijiuliza avue au asivue, na mtunzi asinisaidie kuamua.

Labda ipo na imenipita. Kama mmeisoma, nitajieni jina lake tu. Mwisho msiniambie.